Siku Nilipobebwa na Mama Mkwe

Aibu zangu ni nyingi, lakini zingine zote nimezisahau tangu hii iingie, kwa sababu hii ilichukua nafasi yote. Watu wa Kitale wanaijua nusu, watu wa Bungoma wanaijua nusu nyingine, na watu wa Ndalu, ambao ndio wakwe zangu, wanaijua yote na wameiongeza chumvi mpaka nikiisikia mimi mwenyewe nashangaa kama nilikuwako. Ndiyo nikasema heri niitoe kwa mdomo wangu, mjue ilivyokuwa, na muache kumsumbua mke wangu sokoni na maswali.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa aina gani. Nina duka dogo la mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale, na nina ugonjwa ambao hauonekani kwa macho. Ulinianza baada ya homa moja hivi, homa ya kawaida tu, wengine waliougua nami walipona wakarudi shambani, mimi homa ikaisha lakini nguvu hazikurudi, mpaka leo. Nikilala usiku mzima naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikipanga magunia ya mbegu leo, kesho na kesho kutwa siwezi hata kuchana nywele (na nywele zenyewe mnaziona, si nyingi). Nimepimwa damu, nimepimwa mkojo, nimepigwa picha za kila aina, kila mahali naambiwa uko sawa, mpaka daktari mmoja Eldoret ndiye alikaa akanisikiliza akaniambia ni ugonjwa wa uchovu sugu, upo, una jina, na si uvivu. Nilitoka pale nikilia kwa furaha. Fikiria mtu anafurahi kuambiwa ni mgonjwa.

Shida ni kwamba hilo jina lilifika Kitale lakini halikufika Ndalu. Mama mkwe wangu ni mkulima, anaamka kabla ya kuku, analima, anakama, anaongoza maombi kanisani, na kwake mtu amelala saa nne asubuhi ni moja kati ya vitu viwili, amekufa ama ni mvivu. Mimi nilikuwa bado napumua, kwa hivyo mnajua aliniweka wapi. Akawa anampigia mke wangu Nekesa simu karibu kila wiki, na simu yenyewe sauti iko juu, mimi nasikia kila kitu nikiwa chumbani. Mwaka wa aibu hii alisema wazi: "Mahindi yakishavunwa nakuja kukuchukua, upumzike nyumbani kidogo. Huwezi kulisha mwanaume mzima kama mtoto." Nekesa akacheka, akambadilishia maneno, lakini mimi sikucheka. Nilijua yule mama akisema anakuja, anakuja, na mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani. Nilimpenda Nekesa na sikuwa na kitu cha kuonyesha mama yake kwamba ninafaa, maana ugonjwa wangu hauna kidonda.

Sasa katikati ya hayo yote nikapata mawe kwenye nyongo. Maumivu yake msiulize. Nikaambiwa ni lazima nipasuliwe, na daktari tuliyeelekezwa kwake alikuwa Bungoma. Nikamwambia Nekesa, "Tafadhali, mama yako asijue. Akisikia nimelazwa atasema sasa nimepewa kitanda rasmi." Nekesa akakubali, ingawa hakufurahia.

Tukafika Bungoma jioni, na asubuhi kabla sijaingia thieta kupasuliwa akaja daktari wa usingizi, mtu mpole, mnene kidogo, miwani iko kwa paji la uso. Akaniuliza kama kuna ugonjwa mwingine ninao. Nilikaa nikifikiria, niseme ama nisiseme, maana nimechoka kuona watu wakitabasamu nikisema nimechoka. Nikasema. Yule daktari hakutabasamu. Alishusha miwani akaanza kuuliza maswali, kama nikisimama ghafla nasikia kizunguzungu, dawa gani zinanikataa, nikifanya kazi inanichukua muda gani kurudi. Kisha akamgeukia Nekesa akasema, "Huyu nitampa dawa kidogo kidogo, na atakawia kuamka kuliko wengine. Msishtuke. Lakini mtu anayemjua awe karibu akifungua macho, kwa sababu anaweza kuchanganyikiwa." Nekesa akasema sawa daktari. Mimi pia nikasema sawa daktari, na nilikuwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo hospitali, kwa sababu tangu yule wa Eldoret huyu ndiye alinisadiki bila kubishana.

Kosa langu lilianzia hapo hapo kwa hiyo amani. Nekesa alikuwa na nguo yake kwa fundi mmoja pale soko ya Bungoma, nguo ya harusi ya rafiki yake, na tangu tufike alikuwa anaitaja. Nikamhurumia. Tangu nianze kuugua yeye ndiye hufungua duka, yeye ndiye hubeba maji, na hapo alikuwa amekaa kwa benchi ya hospitali macho mekundu. Nikamwambia, "Si uende uchukue nguo yako, ule chipsi, utembee kidogo. Umesikia daktari, nitakawia. Utarudi nikiwa bado nakoroma." Akakataa. Nikasisitiza (mimi na ujuaji wangu). Akasema basi atasubiri mpaka nitoke thieta salama, kisha akimbie mara moja. Na hivyo ndivyo alifanya, alihakikisha nimetoka nikiwa mzima, akamwambia nesi yale maneno ya daktari, akaenda. Nesi naye zamu yake ikaisha.

Yale yaliyofuata mengi sikuyaona, nilisimuliwa na mzee Barasa, mtu wa Webuye, aliyekuwa kitanda cha pili. Yeye alitolewa uvimbe begani na aliingia thieta baada yangu, lakini kufika saa hiyo alikuwa ameshaamka, ameegemea mito, anakunywa chai na mkate. Mimi niko pale kando yake, blanketi mpaka kidevuni, kofia ya thieta imeshuka mpaka kwa nyusi, barakoa ya hewa imefunika mdomo na pua, sisongi.

Ndipo wakaingia akina mama wa kanisa. Nyinyi mnajua vile akina mama wetu hufanya, wanakodi gari, wanabeba uji na ndizi, wanapita wodi kwa wodi wakiimbia wagonjwa na kuwaombea, hata wale hawawajui. Hawa walikuwa wametoka Ndalu. Na anayeongoza, aliyejifunga leso juu ya gauni jeupe, alikuwa mama mkwe wangu.

Wakaombea mzee Barasa, wakampa ndizi, wakafika kwangu. Mama mkwe akauliza, "Huyu ana mtu wake?" Mzee Barasa akasema kulikuwa na msichana lakini ameenda. Nesi mpya akaja akanitikisa bega akiniita, "Wafula, Wafula, amka." Nilikuwa kimya kabisa. Sasa mtasema kwani mama mkwe hakusikia jina? Alisikia, lakini bana, akina Wafula Bungoma ni wengi kuliko pikipiki, hilo jina halimwambii mtu kitu. Nesi akatikisa tena, akaangalia mzee Barasa na chai yake, akaniangalia mimi, akasema ngoja niite daktari, akatoka haraka haraka. Akina mama walipoona nesi anatoka haraka hivyo wakajua mambo yameisha. Mzee Barasa anasema mmoja alianza kufuta machozi.

Mama mkwe akavuta kiti. Akasema, "Huyu mtoto wa watu hatakufa peke yake nikiwa hapa." Akauchukua mkono wangu akaushika kwa mikono yake miwili, wenzake wakaanza wimbo, ule tunaoimbaga jeneza likishuka, na yeye akaanza kuniombea.

Hapo ndipo mimi naanza kukumbuka. Nilisikia wimbo wa mazishi. Nikasikia sauti ya mama inasema, "Mpokee huyu kijana wako, umsamehe makosa yake." Nikajua nimekufa, ama niko njiani. Na nikasikia mkono wa joto umenishika, mkono mgumu wa kazi, na mimi mkono mgumu wa kazi ninaoujua ni mmoja tu, wa Nekesa. Nikaushika kwa nguvu zangu zote. Nikaanza kusema, nikiwa na hiyo barakoa, sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya debe, lakini mzee Barasa anasema kila neno lilisikika.

Nilisema, "Nekesa, usiende. Usikubali mama yako akuchukue."

Wimbo ukapungua kidogo.

"Mwambie mimi si mvivu. Mwambie hata kuchana nywele nachoka. Mimi natamani nibebe gunia kama wanaume wengine, naona aibu ukibeba wewe, naingia chumbani nalia." Hapo wimbo ukaisha kabisa. Na mimi, kwa vile hakuna mtu aliyenizuia, nikaendelea. "Na mama yako naye apunguze mdomo. Yule mama ana mdomo. Akipiga simu hata kuku wa jirani wanasikia."

Mzee Barasa alimwaga chai kwa shuka. Kuna mama mmoja alianza kucheka akajifanya anakohoa. Mama mkwe alikuwa bado ameushika mkono wangu. Ameshajua mimi ni nani, maana Wafula ni wengi lakini Wafula mwenye Nekesa, mwenye kulala, mwenye mama mkwe wa kupiga simu, huyo ni mmoja. Akaanza kuvuta mkono wake. Mimi nikasikia Nekesa anaenda kweli, nikavuta upande wangu.

Kama wewe si mtu wa kwetu labda huoni uzito wa hayo mambo, wacha nikueleze. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Tukikutana njiani mmoja anageukia shambani ajifanye anaangalia mboga. Tangu nioe nilikuwa nimemwona mama yule kwa mbali tu, na mara nyingi mgongo. Sasa tuko hapo tunavutana mikono mbele ya kanisa lake zima.

Barakoa ikatoka. Nikafungua macho. Nikaona uso wa Nekesa, macho yale yale, mdomo ule ule, lakini umejaa makunyanzi na nywele nyeupe zinachungulia kwa kitambaa. Nikafikiria, haki ya Mungu, nimelala miaka ishirini. Mnajua ugonjwa wangu, mimi sikuona kama ni jambo lisilowezekana. Nikamuuliza, "Nekesa, watoto wetu wako wapi?" Na sisi hatuna watoto bado.

Mama mkwe akafaulu kutoa mkono, akajifunika uso na leso, akageukia ukuta, akasema, "Mungu wangu, ni mkwe wangu." Hiyo sauti ndiyo iliniamsha. Ile sauti ya simu.

Mtu mwenye akili angelala chini ajifanye amezirai. Mimi nikaona nimeshafanya makosa, lazima niombe msamaha kwa heshima, na heshima ni kupiga magoti. Nikateremka kitandani. Sasa ile gauni ya hospitali iko wazi nyuma, hakuna kifungo, kuna kamba moja shingoni tu, na mimi nimegeuza mgongo kwa safu nzima ya akina mama wa maombi, pamoja na mke wa pasta. Nikasikia upepo. Wakati huo huo miguu ikakataa. Haikutetemeka tu, ilikataa, ile ninayoijua mimi, mwili mzima unazimika, na nikaanza kwenda chini na dripu yangu.

Mama mkwe hakufikiria mwiko wala nini. Alitupa leso, akanidaka. Akanikumbatia chini ya makwapa, akaniinua vile unainua gunia la mahindi kabla halijashonwa, akasimama na mimi kifuani kwake, kichwa changu kiko begani kwake, miguu yangu inaburuta. Alinishika hivyo muda wote wenzake wakitafuta namna ya kunifunika huku nyuma, na nilisikia anapumua, na nilisikia mimi natetemeka na siwezi kuacha.

Nekesa akaingia. Amebeba nguo kwa mfuko na chipsi kwa mkono mwingine. Akaona mama yake, ambaye anajua yuko Ndalu, amekumbatia mume wake, ambaye yuko nusu uchi. Akauliza pole pole, "Mama, unafanya nini na bwana yangu?"

"Kuja umshike wako," mama akasema. "Mimi mikono imechoka."

Wakanirudisha kitandani. Mama mkwe akaokota leso, akajifunga, akatoka bila kuangalia nyuma, wenzake wakamfuata. Daktari wa usingizi akafika na nesi wakikimbia, akakuta mimi niko macho nalia, Nekesa analia, mzee Barasa anacheka mpaka anashikilia bega lake lenye kidonda. Akasema, "Nilisema mtu anayemjua awe karibu." Nekesa akamwambia, "Daktari, alikuwa."

Habari zilifika Ndalu kabla dripu yangu haijaisha. Kitale zilifika kesho yake. Na mimi upasuaji ulinitupa kitandani miezi, maana wengine kidonda kikipona wameshapona, mimi kidonda kilipona haraka lakini mwili ukakataa kuamka. Nilikuwa nalala hapo nikihesabu mashamba yanayovunwa kupitia dirishani. Simu ya mama mkwe ilikuwa imenyamaza kabisa. Nekesa akipiga, inapokelewa na baba yake. Huo unyamavu ulinitia hofu kuliko zile kelele, nikajua anakuja kumchukua na hata hatasema.

Badala yake tukaitwa. Wazee wa kwao walisema mwiko umevunjwa na hauwezi kuachwa hivyo, mimi nilete blanketi, wao watachinja kuku, tuongee. Tukaenda Ndalu mahindi yakiwa yameshavunwa, yameanikwa uani. Nilikuwa bado sijapata nguvu, na hiyo safari peke yake ilikuwa imenimaliza, lakini nilikaa kwa kiti mgongo wima, kwa sababu nilijua ni siku ya kupimwa.

Baba mkwe ndiye aliongoza. Mama mkwe hakutokea, alikuwa jikoni, dirisha liko wazi kuelekea uani, tunasikia sufuria tu. Baba mkwe akaniuliza, "Wafula, ulimshika mama mkono ukijua ni yeye?"

"Hapana mzee. Nilidhani ni Nekesa."

"Na yale maneno ya mdomo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Hayo pia nilidhani naambia Nekesa."

Wazee wakacheka, lakini kidogo tu, na mmoja akaanza kusema kwamba kijana akizungumza usingizini anasema yaliyo moyoni, na kwamba kuna mambo ya huyu binti kurudi nyumbani ambayo pia yafaa yaongewe leo. Nikaangalia Nekesa. Alikuwa ameshika kiti changu kwa nyuma. Kichwa kilianza kunizunguka, nikashikilia ukingo wa kiti nibaki wima.

Sufuria zikanyamaza jikoni. Sauti ya mama mkwe ikatoka kwa dirisha, yeye haonekani.

"Msimuulize tena. Huyo hakunishika, ni mimi nilimshika, alikuwa anaanguka. Na nilipombeba nilisikia ule mwili. Mimi nimebeba watoto wangu wakiwa na malaria, nimebeba mama yangu akifa. Ule si mwili wa mtu mvivu. Huyo mtoto amechoka mpaka ndani ya mifupa, na mimi nilikuwa namtukana kwa simu." Akagongesha kifuniko cha sufuria. "Nekesa atakaa kwake. Hayo mengine nimeyaacha."

Mimi nikaanza kusema asante, lakini hakungoja.

"Na sasa mnamkalisha hapo kwa jua mpaka lini," akaendelea. "Hamuoni ametokwa na rangi? Mtoleeni godoro."

Baba mkwe akakohoa. Kwetu mkwe halali kwa wakwe, hata mchana, hata akiwa mgonjwa, anakaa, anakula alichopewa, anaenda kwake. Akamwambia pole pole kwa dirisha, "Mama, unajua mkwe halali hapa."

"Nimeshambeba," mama mkwe akajibu. "Na mgongo wake nimeuona wote. Kuna mwiko gani umebaki?"

Nimeshaapa sitapewa tena dawa ya usingizi kama Nekesa hajakaa kando ya kitanda, hata fundi akichoma nguo yake yote, na nawaambia nyinyi mlio na mgonjwa kama mimi, akienda thieta msimwache na watu wazuri wasiomjua. Lakini siwezi kuwadanganya kwamba najuta. Walileta godoro wakaliweka kivulini, kando ya mahindi, na wazee wakasogeza viti vyao wakashusha sauti. Nikavua viatu. Nikalala pale, kwa wakwe zangu, mchana peupe, na hakuna mtu aliyesema mimi ni mvivu.